Stuli Yako Imerudi Wodini

Mwaka umetimia leo tangu ututoke, na kwa desturi yako mwenyewe mdogo ndiye anayeanza kusema. Basi mjukuu wako wa mwisho, mwenye miaka sita, amesimama mbele ya meza, mikono nyuma kama ulivyomfundisha, akasema: "Bibi, nimeng'oka meno mawili ya mbele, na paka wa jirani amezaa." Ameulizwa kama ana jingine. Hana. Amekwenda kucheza.

Wengine tumebaki tukitazamana, maana tuna mengi na hakuna aliyejua pa kuanzia. Kalamu akapewa mdogo wako, fundi cherehani, si kwa kuwa anaandika vizuri, bali kwa kuwa wengine wakianza kuandika karatasi inalowa. Mwanao mkubwa, mwalimu wa hesabu, amekaa pembeni kukagua miaka na tarehe. Wameshagombana mara mbili na hata ukurasa haujajaa.

Ulikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne, na kati ya hiyo ishirini na mmoja uliongoza wodi ya upasuaji. Walikuita Sista Stuli. Kila zamu ilipobadilishwa, saa moja asubuhi na saa nane mchana, wauguzi wanaotoka na wanaoingia walizunguka kitanda kwa kitanda kukabidhiana wagonjwa. Wewe ulibeba ile stuli ya mbao yenye rangi ya njano, ukaiweka karibu na mto wa mgonjwa, ukakaa. Wote wamesimama, mkubwa wao amekaa chini, kichwa chake sawa na cha mgonjwa. Kisha ulimtazama mdogo kuliko wote, hata akiwa mwanafunzi aliyefika jana, ukamwuliza, "Umeona nini?"

Mpaka huyo mdogo amalize, hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo. Yuko daktari bingwa mmoja aliyejaribu. Ukamwambia, "Daktari, nafasi yako inakuja, vuta subira," naye akaufyata, akasubiri kama watu wengine.

Na kama huyo mdogo ameona jambo la kumwita daktari, hukumpigia wewe. Ulimpa simu mkononi. "Piga wewe. Mimi nimesimama hapa." Wapo wauguzi wazima sasa, wenye wodi zao, wanaosema simu ile ya kwanza iliwatoa jasho kuliko mtihani wa mwisho wa chuo.

Nyumbani ilikuwa yale yale. Watoto wakirudi shule hukuwauliza wamejifunza nini. Uliuliza wameona nini, na ole wake atakayejibu "hakuna". Mumeo akirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kushona viatu, naye aliulizwa. Alikuwa akijibu, "Nimeona miguu," basi mnacheka nyote wawili kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kuhusu stuli, kila mtu hapa nyumbani alikuwa na nadharia yake. Mdogo wako alisema ni magoti. Mwalimu wa hesabu alisema ni ufupi, kwamba ukisimama hukuwa unaona juu ya faili. Mumeo alisema hajui, na kazi yake ni kubadilisha raba za miguu ya stuli tu, kwa sababu kila baada ya miezi kadhaa stuli ilianza kuyumba na wewe unaileta nyumbani umeikumbatia kwapani. Tukikuuliza, ulisema, "Nimechoka kusimama." Tuliamini. Shika hapo, tutarudi.

Hata wiki ile uliyolazwa kwa ajili ya moyo, kitanda cha pili, wodi yako mwenyewe, ulimkatalia msaidizi wako alipotaka kusoma faili lako. Ulisema aanze mwanafunzi. Mwanafunzi akasema kwamba miguu yako imevimba kuliko jana. Ukamwambia, "Vizuri. Na kucha?" Alikuwa hajatazama kucha. Akazitazama. Siku tatu baadaye ukaenda.

Sasa sikia ya mwaka huu. Ni habari za Kitinda, mwanao wa mwisho.

Unajua alikuwa wodi ya watoto miaka minane na hakuwa na shida na mtu. Mwezi haujaisha tangu mazishi, Metroni, mkuu wa wauguzi wote pale hospitalini, akamwita na kumwambia akaimu nafasi yako. Miezi kumi na moja ya kukaimu, kisha jopo likae, limthibitishe au limrudishe alikotoka. Kitinda alikuja nyumbani siku hiyo akakaa jikoni bila kuvua viatu. Hakujua afurahi au alie. Mdogo wako alimwambia afurahi kwanza, kulia kupo siku zote.

Lakini watu wana midomo. Kesho yake tu alisikia nyuma ya mlango wa chumba cha dawa: "Kabebwa. Kiti cha mama, kapewa mtoto." Neno hilo lilimwingia na halikutoka. Wauguzi walipoamua kutukabidhi sisi familia ile stuli iwe ukumbusho, wakaifunga utepe mweupe, wengi walidhani Kitinda ataikatalia, atasema ibaki wodini. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Mpelekeeni baba." Alitaka asimame kwa miguu yake mwenyewe. Ndivyo alivyosema, na alisimama kweli, hakukaa chini miezi kumi na moja.

Mumeo aliifungua utepe, akaipeleka kibandani, akawa anaikalia akishona viatu. Ile ya kwake ya zamani aliigawa. Wateja walimtania kwamba sasa amepandishwa cheo.

Kitinda alichapa kazi, hilo hakuna wa kumnyima. Alifika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Kidonda kikifungwa na mtu mwingine, alikifungua akafunga upya. Shuka likitandikwa, alilivuta kona. Makabidhiano ya zamu aliyafanya amesimama, mbio mbio, kitanda hiki na kile, na mtu akianza kusema jambo, alimkatisha: "Nimeona." Dripu ya kitanda cha tatu? Nimeona. Mgonjwa mpya hana ndugu? Nimeona. Na mara nyingi alikuwa ameona kweli, ndiyo balaa lenyewe. Mwezi wa nne walikuwa wameshampa jina. Wewe Sista Stuli, yeye Sista Nimeona.

Kwenye wodi hiyo yuko binti mmoja, ametoka chuo mwaka huu huu, yumo kwenye kipindi cha majaribio. Wanamwita Kimya. Si kwamba hajui kusema. Anasema, ila maneno yake yanahitaji muda wa kuvaa viatu kabla ya kutoka. Wewe ungempenda. Kitinda hakuwa na muda wa kumsubiri.

Mwezi wa kumi na moja, wiki tatu kabla ya jopo kukaa, kwenye kitanda cha tisa alikuwepo dereva wa lori aliyepasuliwa tumbo siku iliyotangulia. Mtu wa maneno mengi. Tangu anatoka kwenye dawa ya usingizi alikuwa akiwatania wauguzi, anawauliza leseni za kuendesha vile vitoroli vya dawa. Mchana ule Kimya alimpima. Presha yake ilikuwa ile ile ya asubuhi. Lakini mapigo ya moyo yalikuwa yamepanda kutoka themanini hadi mia na kumi na mbili, mikono ya baridi, anaomba maji kila mara, na utani umekatika. Kimya akahesabu mapigo mara ya pili. Akayaandika kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye aproni yake, akiwa na nia ya kuyahamishia kwenye chati. Ikapigwa saa nane, makabidhiano yakaanza.

Walipofika kitanda cha tisa, Kitinda alitazama chati, akatazama kidonda, bandeji kavu. "Anaendelea vizuri." Kimya akafungua mdomo. "Sista, huyu baba..." Kitinda alishageukia kitanda cha kumi. "Nimeona," akasema. Kimya akafunga mdomo.

Alimaliza zamu, akabadilisha nguo, akafika hadi getini. Ametuhadithia mwenyewe, kwa sababu siku hizi anakuja hapa nyumbani, na mdogo wako amemshonea gauni. Anasema pale getini miguu ilikataa. Alijiambia wakubwa wameshaona, miguu bado ikakataa. Akarudi na gauni lake la nyumbani na mkoba begani, moja kwa moja hadi kitanda cha tisa. Dereva alikuwa amebadilika rangi, jasho linamtiririka, hajibu. Na Kimya, yule yule, akapiga ukelele mmoja uliosikika hadi chumba cha eksirei.

Damu ilikuwa ikivujia ndani kwa ndani, tumboni. Walimkimbiza chumba cha upasuaji. Daktari alisema wangechelewa nusu saa nyingine, wangekuwa wanampigia mkewe simu ya aina nyingine. Alipona. Tunakuambia mapema usije ukahangaika.

Jioni ile Kitinda alikaa ofisini mwako na fomu ya taarifa ya tukio mbele yake. Unaijua fomu ile: nani alikabidhi, nini kilisemwa, nini hakikusemwa. Msaidizi wake, aliyekuwa msaidizi wako, akafunga mlango akamwambia kwa upole kabisa: "Andika kilichomo kwenye chati. Chati haina kitu. Muuguzi mdogo hakujaza mapigo, hakutoa taarifa. Si uwongo huo. Halafu akamgusa mgonjwa akiwa nje ya zamu, na nguo za nyumbani. Jopo liko mlangoni, mdogo wangu. Usijitie kitanzi."

Na kweli haukuwa uwongo, ukitazama karatasi tu. Kimya angemwaga unga kabla hata hajaukanda, na Kitinda angethibitishwa. Alikunja fomu, akaitia mkobani, akaja nyumbani.

Mdogo wako alikuwa hapa na sindano mdomoni, anapunguza kiuno cha sare ya Kitinda, maana amekonda inchi mbili tangu uondoke. Mumeo alikuwa amekaa kwenye stuli, amerudi nayo nyumbani kumalizia jozi moja ya viatu. Kitinda akaeleza yote, amesimama palepale mlangoni.

Mumeo akauliza, "Binti alitaka kukuambia nini?"

"Sijui, baba."

"Hujui?"

"Hiyo ndiyo shida yenyewe. Nilimwambia nimeona. Sikuwa nimeona kitu."

Sasa lazima liandikwe, na mwenye kalamu analiandika mwenyewe bila kulazimishwa: mdogo wako ndiye aliyesema, "Basi andika hakusema! Hakusema, si hakusema? Kazi kama hiyo utaipata wapi tena? Mama yako aliitumikia wodi ile mpaka moyo ukachoka, halafu wewe uitupe kwa ajili ya mtoto wa watu asiyejua kufungua kinywa?" Alisema hivyo, tena kwa sauti. Anaona haya mpaka leo. Alikuwa na hofu, dada, basi.

Mumeo alinyanyuka kwenye stuli, akaigeuza miguu juu, akabonyeza raba moja moja kwa kidole gumba. "Imelika upande mmoja," akasema. "Nipe siku mbili, kisha uichukue. Pale kibandani haifanyi kazi yake." Akaingia chumbani kwenu akakaa humo kitambo. Kitinda akaketi mezani, akakunjua fomu, akaandika.

Tunayo nakala. Aliandika hivi: "Muuguzi mdogo alihesabu mapigo mara mbili na akayaandika kwenye plasta. Hakuwa amejaza chati. Nimemweleza kwamba chati hujazwa pale pale. Alitaka kunitaarifu hali ya mgonjwa wakati wa makabidhiano. Nilimnyamazisha kwa kusema nimeona. Sikuwa nimeona. Alirudi nje ya zamu, na kurudi kwake ndiko kulikomwokoa mgonjwa." Chini akatia sahihi, na cheo: kaimu.

Kesho yake asubuhi alimpelekea Metroni mkononi. Metroni aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kitinda alijua amejifukuzisha kazi, alikuwa anasubiri kuambiwa tu.

Metroni akamwuliza, "Ile stuli ya mama yako, unajua ilitoka wapi?"

Kitinda akasema, "Magoti," maana ndivyo tulivyomlea.

"Magoti gani? Mama yako alikuwa akipanda ngazi mbili mbili." Metroni akaweka fomu mezani. "Nilikuwa na miezi minne kazini. Yeye alikuwa anakaimu wodi, kama wewe. Nilimwambia, Sista, mgonjwa wa kitanda cha sita hajakojoa tangu jana. Hakuniacha nimalize. Aliniambia, 'Binti, mimi nina miaka kumi na mmoja kwenye wodi hii.' Nikanyamaza. Yule mgonjwa hakufika siku ya pili."

"Mama alifanya nini?" Kitinda akauliza.

"Aliandika taarifa. Nilikuwa nasubiri aniandike mimi, kila mtu alikuwa anasubiri aniandike mimi. Alijiandika yeye. Wakamrudisha chini miaka miwili, anapokea amri kutoka kwa watu aliowafundisha. Siku aliporudishiwa wodi, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda stoo. Akatoka na stuli ya njano, akaiweka kitanda cha sita, akakaa. Watu wanamshangaa. Akanitazama mimi, nimejificha nyuma ya wenzangu, akaniambia, 'Anza wewe. Umeona nini?'"

Kitinda alilia ofisini kwa Metroni, na Metroni naye, na karani akaingia na barua akatoka nazo.

Hukutuambia. Mwenye kalamu anataka lisomeke vizuri: miaka yote ile, tunakutania magoti, tunakutania ufupi, na wewe unacheka, unasema umechoka kusimama. Tulikasirika kidogo, si siri. Tulimwuliza mumeo kama alijua. Akasema alijua ulirudishwa chini, ila hakujua kwa nini. Ulikuwa ukirudi jioni macho mekundu, akikuuliza, unasema viatu vinakubana. "Nikavipanua," akasema. "Jozi zote mbili." Mwalimu wa hesabu alikuwa na miaka kumi wakati huo, anakumbuka viatu hivyo, vilikuwa vikubwa hadi unaburuza. Tulicheka, kisha hatukucheka.

Hasira imekwisha. Tumebaki tukikuheshimu zaidi ya mwanzo, na tulidhani mwanzo ndio mwisho.

Jopo lilikaa. Hatutakudanganya: hawakumthibitisha. Wamempa miezi sita mingine ya kukaimu, na Metroni anakuja kusikiliza makabidhiano wakati wowote bila kubisha hodi. Huenda wakampa wodi, huenda wakamrudisha kwa watoto. Kimya amebaki, na majaribio yake ameyapita. Neno la "kabebwa" hatujalisikia tena. Huyo msaidizi wake ndiye aliyekuja siku moja akamwambia, "Mimi nisingeweza," akaenda zake kuhesabu shuka.

Siku ya stuli kurudi, Kitinda aliibeba kwapani kutoka hapa nyumbani. Saa moja asubuhi akaiweka kitanda cha kwanza, akakaa, magoti yakamfika kifuani, maana yeye ni mrefu kama baba yake. Wawili watatu waligeukia dirishani kuficha kicheko. Wakaenda hivyo hadi kitanda cha tisa, ambako dereva wa lori alikuwa anasubiri karatasi za kuruhusiwa. Kitinda alimtazama Kimya. "Umeona nini?"

Kimya akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Wodi nzima ikangoja. Dereva ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Semeni polepole na mtoto wa watu," akasema, "gari zito halitoki na gia ya tano." Wakacheka, na Kimya akacheka, na maneno yake yakamaliza kuvaa viatu.

"Nimeona kidonda kimefunga vizuri, mapigo sabini na sita, nimeshajaza kwenye chati," akasema. "Amekula, amekwenda haja. Ila nimeona jambo jingine, Sista. Nimemsomea karatasi ya dawa za kwenda nazo nyumbani, akaitikia yote. Kisha nikampa aisome mwenyewe, akaishika juu chini. Nadhani hajui kusoma, na anaona haya kusema."

Dereva akatazama dari. Kitinda alishafungua mdomo. Anasema neno lake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, la "nimeona", kwa mazoea ya miezi kumi na moja. Akalimeza. Akaisogeza stuli karibu zaidi na mto, akamwekea yule baba mkono begani.

"Sikuwa nimeona hilo," akasema. "Asante. Endelea."

Kimya akaendelea. Walimchorea dereva jua na mwezi kwenye pakiti za dawa, akaondoka na dawa zake, na sasa akipita barabara ya hospitali anapiga honi, ingawa kibao kinakataza.

Hayo ndiyo tuliyoyaona mwaka huu. Tunaokukumbuka tumejipanga kwa desturi yako, mdogo kwanza: mjukuu wako asiye na meno ya mbele, wajukuu wako wanne waliomtangulia, Kitinda wako, kaimu, mwanao mkubwa, mwalimu wa hesabu, aliyehakikisha miaka yote humu ndani, na mkewe, mkwe wako, ambaye bado anatandika kona za shuka ulivyomfundisha, mdogo wako, fundi cherehani, wauguzi wa wodi ya upasuaji na Kimya mbele yao, na Metroni, aliyeomba aandikwe hapa kama mtoto wako.

Wa mwisho ni mumeo, fundi viatu. Sasa anakaa juu ya kreti na analalamika mgongo, lakini kiti kingine hataki. Tumemwuliza ameona nini mwaka huu. Alifikiri sana, kisha akatuomba tukuandikie neno moja tu: raba alizotia kwenye miguu ya stuli si za dukani. Jioni ile alipoingia chumbani alivuta vile viatu vyako vyeupe vya kazi chini ya kitanda, akakata soli zake, vipande vinne. Anasema zilikuwa bado nzima.

Unasimama wodini kila siku. Nasi hatutakusahau hata siku moja.